Kwa Wanaoanza Kusoma Sosholojia ya Kazi na Taasisi

Mwanafunzi anayeanza kusoma sosholojia ya kazi na taasisi hapa Zanzibar hukutana mapema na wananadharia Durkheim, Weber na Taylor, na kwa kuwa mifano inayofundishwa imetoka zaidi katika viwanda na ofisi za Ulaya na Marekani, ni rahisi ayakariri majina hayo kwa ajili ya mtihani kisha ayasahau. Nawasihi kila nadharia muipeleke kwenye kazi mnayoijua tangu utotoni, muone inapokubali na inapokataa.

Chukueni uchumaji wa karafuu Pemba. Mchumaji hulipwa kwa pishi, yaani kipimo cha ujazo, kwa hiyo wakati wa kupima macho yote huelekea kwenye mkono wa mpimaji: je, pishi ni ya tele, yenye kilima, au ya mfuto, iliyosawazishwa? Mkono ukipita juu ukaifuta, au ukiiacha na kilima chake, ujira wa siku nzima umebadilika, na hakuna mkataba wa maandishi unaolitaja jambo hilo. Baada ya hapo someni habari za kiwanda cha Western Electric, karibu na Chicago, ambako mwaka 1931 na 1932 watafiti waliwachunguza wanaume 14 waliokuwa wakifanya kazi katika chumba kimoja. Ingawa malipo yalifuata uzalishaji wa kundi zima, wafanyakazi hao walijiwekea kiwango chao cha siku, na aliyekizidi alikejeliwa na wenzake, hata kupigwa ngumi mkononi. Je, wachumaji nao wana kiwango chao? Nani humkemea anayekivuka, na mwenye shamba anajua? Maswali ya namna hii yana thamani kubwa kuliko fasili kumi za neno taasisi. Tena msisahau kwamba uchunguzi ule ulifanyika kwa ridhaa na maslahi ya mwajiri. Wachumaji wangekuwa na maswali mengine kabisa.

Kuhusu Weber, ambaye aliona kwamba katika urasimu, yaani utawala wa ofisi unaofuata kanuni na vyeo, ofisi hutenganishwa na nyumba ya mwenye cheo, mtazameni sheha, kiongozi wa serikali katika shehia, anayegonga muhuri wa barua akiwa barazani kwake. Msikimbilie kusema kwamba huo ni upungufu. Andikeni kwanza nani anakuja, saa ngapi, na anasubiri wapi.

Mkifika kwenye tasnifu, ombeni vibali mapema, na maelezo ya uwandani yaandikeni kwa Kiswahili, kwa maneno yaleyale ya wanaofanya kazi, hata kama chuo kinataka tasnifu ya Kiingereza. Atakayechagua kilimo cha mwani, ambacho wakulima wake wengi ni wanawake, apange ratiba yake kwa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, kwa sababu wakati maji yamekupwa wanawake hao wako kazini na hawana nafasi ya kujibu dodoso. Siku hizo aingie nao majini, afunge mwani kwenye kamba kama atakavyoelekezwa, na mahojiano ayaache mpaka maji yatakapojaa.