Tarakimu za msimbo pau hazikuambii chakula kimelimwa wapi

Salaam ndugu. Umeuliza kama tarakimu 3 za mwanzo za msimbo pau (barcode, ile mistari myeusi yenye namba kwenye pakiti) zinaonyesha nchi chakula kilikolimwa. Hapana. Zinaonyesha kampuni imesajili namba zake wapi. Kwa mfano unga wa ngano: kampuni imesajiliwa hapa, lakini ngano yenyewe huenda imevuka bahari.

Mimi pakiti naigeuza nyuma kwanza, nasoma viambato. Kwa kawaida hutangulia chenye uzito mkubwa zaidi, kwa hiyo unga wa juisi unaoanza na sukari ni sukari iliyotiwa rangi na ladha, hata picha ya embe iwe kubwa kiasi gani. Na sukari hubadilisha majina: glukosi, dekstrosi, sharubati ya mahindi. Inaniudhi sana, hasa kwenye vyakula vya watoto.

Halafu, ukitafuta kilikotoka, tofautisha "imezalishwa" na "imefungashwa", yaani kutiwa tu kwenye pakiti. Matunda mabichi? Muulize muuzaji yametoka wapi.