Mchango wa shule iliyofiwa: andikeni kusudi kabla ya namba ya akaunti

Msomaji mmoja ameandika: shule yao imefiwa na wanafunzi, watu wamechanga kwa wingi, na sasa, mwezi wa pili tangu msiba, wazazi na walimu hawasalimiani. Familia zinasema fedha ni zao. Mwalimu mkuu anasema tangazo lilitaja shule. Msomaji anauliza wagawane vipi. Ndugu yangu, jibu lilitakiwa liwe ndani ya tangazo la kwanza, lile ambalo kwa kawaida huandikwa kwa dakika tano na mtu ambaye machozi bado yanamtoka.

"Tuchangie shule yetu iliyopatwa na msiba." Humo mna mifuko mitatu: gharama za mazishi, rambirambi za wafiwa, na mahitaji ya shule yenyewe. Anayetuma fedha anamfikiria mama aliyefiwa. Mwalimu mkuu anawafikiria watoto wasioweza kuingia darasani. Hakuna mwongo kati yao, na bado watagombana. Andikeni hivi: "Robo tatu ya fedha itagawanywa sawa kwa kila mwanafunzi aliyefariki na kukabidhiwa familia yake. Robo itakayobaki italipia ushauri nasaha wa wanafunzi na walimu kwa mwaka mmoja. Mchango utafungwa baada ya siku 30." Mafungu yanaweza kuwa mengine, mradi yatajwe. Hesabuni kwa mwanafunzi, si kwa nyumba, maana familia moja inaweza kupoteza watoto wawili. Wazazi wakiwa wametengana, waandike kwa pamoja nani apokee. Wasipoelewana, fungu likatwe katikati. Msianze kupima nani maskini zaidi au nani alilia zaidi.

Kuna watakaosema huu si wakati wa mahesabu. Ndio wakati wenyewe. Tarehe 21 Oktoba 1966, huko Aberfan, Wales, lundo la mabaki ya mgodi wa makaa ya mawe liliporomokea shule ya msingi. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Michango ikamiminika. Mwaka 1968, pauni 150,000 za mfuko huo zikachukuliwa kusaidia kulipia uondoaji wa malundo yaliyobaki juu ya kijiji, mzigo ambao haukuwa wa wafiwa hata kidogo. Zilirudishwa mwaka 1997.

Fedha zisipite kwenye simu ya mwalimu mkuu. Hata akiwa mwaminifu kupita wote, mshahara wake na rambirambi zikikaa kapu moja hataweza kuthibitisha uaminifu huo. Fungueni akaunti ya watia saini watatu, wawili wakitosha kutoa fedha: mwalimu, mjumbe wa kamati ya shule, na mtu wa nje anayejua hesabu. Mzazi aliyefiwa msimpe kalamu. Mpeni haki ya kuona taarifa ya benki wakati wowote. Benki itadai muhtasari wa kikao na vitambulisho, kwa hiyo siku chache zitapita. Kwa siku hizo tumieni laini moja mpya ya simu isiyo na kazi nyingine, na watu wawili wasome salio pamoja kila jioni.

Daftari liwe na tarehe, jina, kiasi, namba ya muamala, na safu ya maelezo ya mtoaji, maana wapo watakaotuma "kwa ajili ya familia ya fulani" na fedha hizo haziingii kwenye mgawo. Ahadi ziandikwe ukurasa wake. Ukitangaza jumla iliyochanganya ahadi na taslimu, ahadi zisipotimia wewe ndiye utakayeitwa mwizi. Wakubwa wanaokuja na kamera hupenda sana kuahidi.

Matapeli nao hawalali: huchukua picha za watoto na kuweka namba yao. Dawa ni barua moja yenye muhuri wa shule, namba moja, na maneno "namba hii haitabadilika". Picha na majina yasitoke kabla familia haijaridhia, na kila familia iwe na mtu mmoja tu wa kuwasiliana nayo, badala ya kupigiwa simu na wanakamati sita. Kama mtoto alijitoa uhai, tangazo lisieleze alivyofanya. Kuna wenzake watakaolisoma.

Semeni pia mnachohitaji kisicho fedha, la sivyo mtaletewa msichokihitaji. Baada ya shambulio la Desemba 2012 katika shule ya Sandy Hook, mji wa Newtown nchini Marekani ulipokea midoli ya dubu zaidi ya 60,000, ikabidi itafutwe ghala. Ombeni mtu wa kukaa getini na kuwajibu waandishi wa habari. Ombeni walimu wawili wa akiba kwa wiki mbili, ili mwalimu akizidiwa katikati ya kipindi atoke nje na darasa lisibaki peke yake.

Dawati la mtoto aliyefariki msiliondoe usiku. Watoto wakikuta pengo asubuhi wataona mwenzao amefutwa; waulizeni wenyewe liwekwe wapi na lini. Jina kwenye orodha ya mahudhurio ni jambo jingine: litolewe kabla ya kengele ya kwanza, mwalimu mgeni asije akaliita. Kisha mtu mmoja, kwa jina lake, apewe kazi ya kulitoa kwenye orodha ya ujumbe wa simu wa shule. Mfumo haujui msiba. Muhula ukifunguliwa, utamtumia yule mama ujumbe wa kumkumbusha ada ya mwanawe.