Pampu ni ileile, tulichoacha ni kuitia damu maji

Wiki iliyopita niliandika hapa habari za mama mmoja tuliyembadilishia valvu ya moyo, akatoka ICU siku ya pili bila kuongezewa hata tone la damu ya mtu mwingine. Pongezi zikamiminika, na sitajifanya mnyenyekevu: nilizisoma zote, nyingine mara mbili. Kisha ukaingia ujumbe wa dada mmoja, muuguzi wa huko Kilifi: "Shikamoo kaka. Hongereni sana. Na sisi tungeletewa mashine mpya kama yenu, tungefika."

Marahaba, dada yangu. Lakini mashine mpya ipi?

Ile pampu yetu, ninayoiendesha mimi, ina miaka kumi na mmoja. (Thieta tunaiita pampu tu. "Mashine ya moyo na mapafu" ni jina la kuwaelezea ndugu wa mgonjwa, kwa kuwa inashika kazi ya vyote viwili wakati wa upasuaji.) Ubavuni ina mkwaruzo mrefu ulioachwa na toroli la mtungi wa gesi, na kioo chake kimoja lazima ukigonge kwa kidole asubuhi ndipo kiamke. Ndiyo hiyohiyo iliyokuwepo siku ninayotaka kukusimulia. Mficha uchi hazai, kwa hiyo leo nasema.

Ni miaka saba sasa. Mgonjwa alikuwa mama wa kilo 48, valvu yake ya mitrali (mlango ulio kati ya vyumba vya kushoto vya moyo) imekakamaa na kuziba kwa sababu ya homa ya baridi yabisi aliyougua utotoni. Damu yake ilikuwa 11 (kipimo cha himoglobini, gramu kwa kila desilita), si mbaya kwa mtu aliyeugua miaka yote ile. Mtu wa umbo lile ana damu kama lita 3.2 mwilini. Mirija ya pampu na oksijeneta (kifaa cha kuitia damu oksijeni) vilikuwa vimejazwa lita moja na nusu ya maji ya dripu, kama tulivyozoea kumjazia kila mtu, mnene na mwembamba. Daktari wa usingizi naye, presha ilipoyumba, alikuwa ameshammiminia lita nzima. Yaani lita mbili na nusu za maji juu ya damu lita tatu na kidogo. Ni ule uji uliopikwa wa watu watatu, wageni wakabisha hodi, mwenye nyumba akaona aibu akauongeza maji.

Tulipoingia kwenye pampu nikapima. Damu 6.2.

Niliiona. Niliiandika kwenye chati, saa 4:15 asubuhi, kwa mwandiko mzuri kabisa. Sikuisema.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilikuwa na miaka miwili tu kazini, na bosi, daktari wa upasuaji, alikuwa na kimya kile cha daktari ambaye mkono wake umekolea. Ukikohoa unaona umevunja kitu. Moyo ulikuwa umeshasimamishwa kwa kadioplejia (dawa ya kuutuliza moyo usipige), saa inakimbia. Nikajiambia, benki ya damu wataleta, tutaongeza. Walileta. Zimebaki dakika ishirini tumalize.

Upasuaji wenyewe, ukiuangalia kwa macho, ulikuwa mzuri. Valvu ilikaa, moyo ukaanza kupiga wenyewe bila kushtuliwa kwa umeme. Mwishoni bosi alisema "pasha, pasha," nami nikaipasha damu joto haraka kama chai ya abiria wa basi linaloondoka. Tukapeana mikono. Nikaenda kunywa chai na mahamri.

Kesho yake mkojo ulikuwa mililita 10 kwa saa. Keshokutwa haukuwepo. Alisafishwa damu siku tisa. Alipozinduka alikuwa anamwita binti yake kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa, na hali hiyo ilichukua muda kuondoka. Alipona, Alhamdulillahi, akarudi kwao baada ya mwezi mzima, lakini mumewe alikuwa ameshauza shamba la minazi. Mzee huyo alinisimamisha kwenye korido siku moja, hana hasira wala nini, anataka tu kuelewa: "Mwanangu, si mlituambia ni moyo? Mbona sasa figo?"

Sikuwa na jibu la kumpa.

Kwenye kikao cha kujadili matatizo ya wagonjwa, bosi alisema maneno sita, "Hii ni ya upande wa pampu," akafungua faili la mgonjwa mwingine. Hakuna aliyeuliza kuhusu ile lita ya dripu, wala damu iliyochelewa. Ilinichoma, na sitaficha kwamba bado inanichoma. Nikikutana naye hadi leo namsalimia kwa adabu na moyo unanikaza. Lakini chati ilikuwa mezani, na ile 6.2 ilikuwa kwa mwandiko wangu.

Usiku ule ndipo nilipofanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya asubuhi. Nilikuwa nimeendesha pampu kwa lita 2.4 kwa dakika kwa kila mita mraba ya mwili, sawasawa na vitabu. Kitabu hakikukosea. Ila lita 2.4 za damu nyepesi namna ile hubeba oksijeni kama mililita 214 tu, na kiwango tunacholinda siku hizi wakati mwili una joto ni 280 hivi. Figo sehemu yake ya ndani huishi kwa oksijeni ya kuhesabu hata mtu akiwa mzima anacheza bao. Ukiipunguzia kwa saa moja na nusu, inazima. Ningeongeza tu mwendo hadi lita 3.0 ningefika karibu 267. Kitufe kilikuwa chini ya kidole changu.

Ndiyo maana mtu akiniambia "mashine mpya" napandwa na kitu. Tarehe 6 Mei 1953, kule Philadelphia, Marekani, daktari John Gibbon alifunga tundu kwenye moyo wa msichana wa miaka 18, na kwa dakika 26 mashine peke yake ndiyo iliyomshikia uhai. Watoto wawili aliowapasua miezi michache baadaye walikufa, akaiweka mashine kando. Mwaka 1955 John Kirklin na wenzake wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani hukohuko, walichukua mashine ya ukoo huohuo, wakairekebisha, wakafanya mazoezi kwa mbwa mpaka wakaridhika, ndipo wakaanza na watu. Katika wanane wa kwanza, wanne walikufa. Hawakuacha. Najua wewe unayenisoma unataka kukaa kwenye kiti cha kuendesha pampu siku moja, basi jua ni kiti cha namna hiyo.

Sasa nini kilibadilika kwetu? Vitu vidogo vya kuudhi. Niliisogeza pampu karibu na kitanda mpaka wauguzi wakalalamika hawana pa kupita, nikakata mirija, ikapungua mililita 300. Kabla ya kuanza naiacha damu ya mgonjwa mwenyewe irudi polepole kwenye mirija, ikisukuma maji nje yaingie mfukoni. Kwa mama wa wiki iliyopita nilitoa 500 kwa njia hiyo. Na daktari wa usingizi tulikubaliana jana yake, kwa simu: dripu isizidi 200, presha ikiyumba aitibu kwa dawa. Mama huyu alikuwa na kilo 48 vilevile, damu 11 vilevile. Safari hii maji mapya yalikuwa mililita 900 tu, na tulipopima tukakuta 8.6. Oksijeni 290. Ukiona bado damu ni nyepesi, kuna kichujio cha kutolea maji, na kuna mwendo wa pampu.

Na joto: damu inayorudi kwa mgonjwa isizidi nyuzi 37, hata bosi akisema "pasha" mara kumi. Ubongo ndio wa kwanza kuungua. Mwambie "napasha, daktari," na uendelee na mwendo wako.

Lakini haya yote ni bure kama huisemi nambari. Ipige hesabu kabla ya mgonjwa kuingia, iandike ubaoni wote waione, kisha iseme kwa sauti kabla moyo haujasimamishwa. "Tunatarajia damu nane na nusu." Ikija saba, sema saba. Ukiona aibu, sema. Ukitazamwa kwa jicho la "huyu naye," sema. Chati haijawahi kumwokoa mgonjwa; inamtetea aliyeiandika, na mimi haikunitetea hata hivyo. Nanyi madaktari wa upasuaji mnaopita hapa, ninyi mabingwa, mnapoambiwa nambari itikieni. Mtu akisema akajibiwa kwa kimya, kesho hasemi tena. Na huko kliniki, mama mwenye damu 9 msimpangie tarehe kabla hamjamtibu upungufu wa damu, labda kama moyo hauwezi kungoja.

Siku hizi kila mgonjwa akitoka kwangu nasumbua ICU kwa simu kuuliza mkojo, mpaka wamenibandika jina: Mzee wa Mkojo. Nimelikubali. Yule mama wa wiki iliyopita nilimuulizia saa mbili usiku, saa tano, na saa nane. Ile ya saa nane sista hakupokea simu. Alituma ujumbe:

"70 saa hii, Mzee. Hebu lala."