Dada yangu kaniuliza: sauna inashusha presha au nikimbie tu?

Wiki iliyopita dada yangu wa Dar kanitumia voisi ya dakika nne, anasema kuna jimu karibu na kwake wana sauna, kile chumba cha joto kali cha kukaa na kutoka jasho, na jirani yake kamwambia ukikaa humo mara tatu kwa wiki presha inashuka na kitambi kinaisha, wala huna haja ya kuhangaika na mbio. Akamalizia, wewe si unakaa Finland, huko ndo kwenyewe, nilipie au nisilipie? Nimeona nijibu hapa maana wengi mnaniuliza, na mimi mwenyewe ni mtu wa presha, namezea vidonge mwaka wa sita huu.

Naishi Kuopio. Nchi hii ina watu kama milioni tano na nusu na sauna zinakadiriwa kufika milioni tatu, zipo majumbani, maofisini, mpaka bungeni. Ghorofa letu lina moja kule chini, kila nyumba ina zamu, yetu ni Alhamisi saa moja jioni. Unaoga kwanza, unaingia na kitaulo cha kukalia, unapanda ngazi za mbao unakaa, mtu anachota maji kwa kata anayamwagia mawe yaliyoiva moto, yanalia chwaaa, halafu kimya, halafu mvuke unakushukia kuanzia masikioni kuja mabegani. Huo mvuke una jina lake kabisa, löyly. Mliolelewa na nyungu mnaelewa kidogo, ila nyungu unajifunika blanketi na majani yako, huku chumba kizima ni nyuzi 80 au 90 na hewa ni kavu mpaka maji yamwagwe.

Humo ndani ngozi ikipata joto mishipa inatanuka, damu nyingi inaenda kwenye ngozi ili mwili upoe, kwa hiyo moyo inabidi usukume haraka, mapigo yanapanda yanavuka 100 kama mtu anayetembea kwa kasi, na ukishatoka ukapumzika presha inashuka kwa muda. Hilo ni kweli na jirani yake dada hakudanganya. Kuna watafiti wa hapahapa Kuopio, akina Jari Laukkanen, walifuatilia wanaume 2,315 kwa miaka kama 20, matokeo yakatoka 2015: walioingia sauna mara 4 hadi 7 kwa wiki, vifo vya ghafla vya moyo vilikuwa pungufu kwa asilimia 63 kuliko walioingia mara moja kwa wiki. Namba hiyo ndo inazunguka mitandaoni. Lakini pale hakuna aliyepewa sauna kama dozi, waliangalia tu watu walivyoishi, na mtu anayeweza kukaa kwenye joto lile kila siku huenda alikuwa mzima kuliko mwenzake tangu mwanzo.

Halafu kuna kitu mtu akinitajia sauna na moyo lazima nimwambie. Hawa watu wana sauna tangu enzi za mababu, lakini miaka ya 70 mwanzoni wanaume wa mashariki ya Finland, upande huuhuu wa kwetu, walikuwa wanakufa kwa moyo kuliko karibu popote duniani, wakiwa na sauna zao uani! Ikabidi mwaka 1972 uanzishwe mradi wa Karelia ya Kaskazini, mkoa wa huku mashariki, daktari kijana Pekka Puska akauongoza, wakahangaika na siagi, chumvi na sigara, kijiji kwa kijiji, mpaka na akina mama jikoni. Miaka 40 baadaye vifo vya moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Sauna hazikuongezeka moto, kilichobadilika ni sahani na sigara.

Na jasho la sauna sio jasho la mazoezi jamani. Umekaa, miguu haifanyi kazi, misuli haijengeki. Ukitoka ukajipima utaona nusu kilo imeondoka, ni maji hayo, ukinywa yanarudi na yanatakiwa yarudi.

Mimi nilijifunza vibaya. Mwaka wangu wa pili huku nilikimbia kilomita nane kando ya ziwa Kallavesi, asubuhi nilikuwa nimemeza kidonge cha presha na kile cha kukojoza, maji sijanywa, kahawa tu, nikapitiliza kwenye sauna ya umma moja kwa moja, ngazi ya juu kabisa, nikakaa karibu dakika 20. Niliposimama macho yakaingia giza, nikashika ukingo wa mbao, nikajikuta chini na mzee mmoja ananiinua miguu. Ningeweza kuangukia yale mawe. Nesi akanieleza kesho yake: mbio zimetanua mishipa, joto limetanua tena, vidonge navyo vinashusha, maji mwilini hakuna, damu itafikaje kichwani.

Tangu hapo nikikimbia nasubiri kama nusu saa, nakunywa maji, nakaa ngazi ya chini dakika 10, natoka, nikirudi ni dakika chache tu, na kusimama nasimama taratibu huku nimeshika kitu. Pombe sigusi siku hiyo, watu wengi wanaofia sauna huku walikuwa wamelewa. Lile la kutoka kwenye joto na kutumbukia kwenye maji ya barafu nimewaachia wenyewe, baridi ya ghafla inapandisha presha kwa kishindo. Na kama kifua kinakubana hata ukiwa umekaa, au umepata shambulio la moyo hivi karibuni, au una valvu ya moyo iliyobana, usiingie kabisa mpaka daktari wako akuruhusu.

Kwa hiyo dada, hela ya jimu ukiwa nayo lipia, ila kwa ajili ya mashine ya kutembea, sauna iwe ya kupumzikia ukimaliza. Kama huna, dakika 30 za kutembea kwa haraka siku tano kwa wiki, asubuhi kabla jua halijawaka, ni bure. Chumvi ya mezani iondoe. Kesho kapime presha, nitumie zile namba mbili na majina ya vidonge vyako, halafu tutaongea habari ya sauna.