Ukifanya utafiti wa vichocheo vya kaboni, pima oksijeni yenyewe

Wanafunzi wa hapa Arusha huniuliza mara kwa mara waanzie wapi wanapotaka kuzalisha oksijeni kutoka kwenye maji kwa nguvu ya umeme, wakitumia kichocheo (kitu kinachoharakisha mmenyuko) cha kaboni iliyotiwa kobalti, nikeli au chuma badala ya oksidi za iridiamu na rutheniamu, ambazo ni ghali mno kwa maabara nyingi. Nawaunga mkono kwa moyo wote, hasa wale wanaotengeneza kaboni hiyo kwa maganda ya kahawa ya Moshi. Ninachowasisitizia ni kwamba wasiridhike na grafu ya mkondo wa umeme, bali wapime oksijeni yenyewe.

Kinadharia, maji huanza kutoa oksijeni kwenye volti 1.23, lakini kwa vitendo vichocheo vingi huhitaji takriban volti 1.5 au zaidi. Kaboni nayo, kinadharia, huweza kugeuka dioksidi ya kaboni kuanzia takriban volti 0.2 tu, na kinachoiokoa ni kwamba mmenyuko huo huenda polepole. Kwa hiyo sehemu ya mkondo unaoufurahia huenda inatokana na kichocheo chako kujila chenyewe.

Hesabu yake si ngumu. Kila molekuli ya oksijeni hutokana na elektroni 4, hivyo milliampia 10 kwa saa moja zinapaswa kutoa takriban mililita 2.3 za oksijeni katika nyuzi 25 za Selsiasi kwenye usawa wa bahari. Arusha, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, ina kanieneo ndogo ya hewa, kwa hiyo gesi hiyohiyo hukaribia mililita 2.7, kabla hata ya kuhesabu mvuke wa maji. Asiyerekebisha hesabu ataona ufanisi unaozidi asilimia 100. Ukipata pungufu sana, kagua kwanza kama gesi inavuja, kisha tazama elektroliti, yaani kimiminika kinachopitisha umeme: ikigeuka rangi ya kahawia, kaboni inaoza.

Jaribu pia kaboni isiyotiwa metali, katika hali zilezile, ili ulinganishe. Hidroksidi ya potasiamu ya dukani, alkali inayotumika kutengeneza elektroliti, huwa na chembechembe za chuma, nazo huongeza sana utendaji wa nikeli, kiasi kwamba sifa unayoipa kaboni yako inaweza kuwa ya uchafu huo. Isafishe hidroksidi hiyo, uihifadhi kwenye chupa za plastiki kwa kuwa alkali hula kioo, na usitumie maji ya bomba, kwani maji ya maeneo mengi ya Arusha yana floridi nyingi.