Majina Yanapogongana Ndani ya Klasta: Anza na getent, Siyo dig

Kazi niliyoiendesha kwenye nodi moja ya klasta yangu (kundi la kompyuta zinazofanya kazi pamoja, kila moja ikiitwa nodi) ilimalizika vizuri. Nilipoigawa kwa nodi mbili, ile ya pili ilisema muunganisho umekataliwa, kisha kila kitu kikaganda. Ping kwa jina ilijibu. Amri ya dig ilitoa anwani sahihi. Nilihangaika siku mbili na seva ya DNS, ile inayogeuza majina ya kompyuta kuwa anwani: nikaizima na kuiwasha, nikaandika rekodi zake upya, na tatizo likabaki palepale. Naandika haya ili wewe usipoteze siku zako.

Nilikuwa namuuliza asiyehusika. dig na nslookup huenda moja kwa moja kwa seva ya DNS, lakini programu zako hazifanyi hivyo. Kwenye Linux, programu inapotaka anwani ya jina fulani, kwa kawaida husoma kwanza mstari wa hosts katika /etc/nsswitch.conf. Mara nyingi mstari huo unasema "files dns", yaani angalia /etc/hosts kwanza, ukikosa ndipo uiulize DNS. Jibu likipatikana kwenye faili, hata kama ni bovu, DNS haiulizwi kabisa. Amri inayofuata njia hiyohiyo ni getent:

getent ahosts nodi01

Iendeshe kwenye kila nodi, kwa kila jina, likiwemo jina la nodi yenyewe. Hapo kwenye jina lake yenyewe ndipo wengi tunaparuka. Nodi yangu kuu ilipoulizwa jina lake ilijibu 127.0.1.1. Debian na Ubuntu huweka mstari huo katika /etc/hosts wakati wa kusakinisha, na kwa kompyuta ya mezani hauna madhara. Ndani ya klasta ni sumu. Huduma ya nodi kuu inauliza "mimi ni nani?", inapewa anwani isiyotoka nje ya kompyuta hiyo, inafungua mlango wake hapo na kusubiri. Nodi nyingine zinapiga hodi kwenye 10.0.0.10, anwani sahihi kabisa ya nodi kuu, na hazimkuti mtu. Endesha ss -ltn, amri inayoorodhesha milango iliyo wazi, kwenye nodi kuu; ukiona huduma yako inasikiliza kwenye 127.0.1.1 pekee, umeshampata mwizi.

Nilifuta mstari huo, nikaweka anwani halisi ya mtandao wa ndani mbele ya jina, nikaiwasha huduma upya. Kuwasha upya ni lazima, kwa sababu huduma iliyokwisha kushika anwani ya zamani haitaiachia kwa kuwa tu umehariri faili.

Kwa klasta ya nodi chache ambazo anwani zake hazibadiliki, mimi napendelea /etc/hosts moja inayofanana kila mahali, inayohaririwa sehemu moja na kusambazwa. Ukishaondoa ile mistari ya 127.0.1.1, hakuna sababu ya mafaili hayo kutofautiana, hivyo md5sum /etc/hosts (amri inayotoa alama fupi ya yaliyomo kwenye faili) kwenye nodi zote inatosha kumwonyesha aliyeachwa nyuma. Nodi zikiwa zinaongezwa na kuondolewa kila mara, tumia DNS. Dnsmasq, seva ndogo ya DNS, inafaa sana, ila ujue kwamba nayo husoma /etc/hosts ya kompyuta ilipo na kutangaza yaliyomo. Ile 127.0.1.1 ikiwa bado imo, safari hii utaigawa kwa klasta nzima, na kila nodi itakayotafuta nodi kuu itajikuta inajipigia hodi yenyewe.

Kuna ugonjwa mwingine ambao haukatai, unachelewesha tu. Ukiona ssh, amri ya kuingia kwenye kompyuta nyingine, inasita sekunde tano au kumi kabla ya kuingia, fungua /etc/resolv.conf, faili lenye orodha ya seva za DNS. Seva huulizwa kwa mpangilio wa mistari, na kwa kawaida kila moja husubiriwa sekunde 5. Seva ya kwanza ikiwa imekufa, kila swali jipya linalipa faini hiyo. Iondoe. Mstari "options timeout:1" unapunguza maumivu, lakini seva iliyokufa haina kazi kwenye orodha.

Usisahau upande wa pili: kutoka anwani kwenda jina. Endesha getent hosts 10.0.0.11 na uone kama linarudi jina lilelile ulilotarajia. Katika Hadoop, mfumo wa kuhifadhi na kuchakata data kwenye klasta, NameNode (nodi inayosimamia), kwa mpangilio wake wa kawaida, huikataa DataNode (nodi inayohifadhi data) ambayo anwani yake haina jina. Wengi huweka rekodi za kwenda na kuziacha za kurudi, kisha wanailaumu Hadoop.

Na majina yenyewe: epuka kuyamalizia na .local, maana yametengwa kwa ajili ya mDNS, njia ya kompyuta za mtandao mmoja kuulizana majina bila seva, na kwenye kompyuta nyingine swali lako linaweza lisifike DNS kabisa.

Ukiwa umerekebisha kila kitu na jibu la zamani bado linarudi, tazama kama nscd au systemd-resolved, huduma zinazotunza majibu ya majina kwa muda, inalihifadhi. Kwa systemd-resolved, amri ni resolvectl flush-caches. Na kama glibc yako (maktaba ya msingi ambayo programu za Linux huitumia kutafuta majina) ni ya kabla ya toleo 2.26, programu iliyokuwa ikiendelea haitasoma /etc/resolv.conf mpya hadi uiwashe upya, hata kama getent kwenye skrini yako tayari inajibu sawasawa.