Pedi za Kufua kwa Wanafunzi: Mambo ya Kujua Kabla Kikundi Hakijakata Kitambaa

Kikundi cha vijana kinachoshona pedi za kufua, kuuza sehemu na kugawa sehemu shuleni, huweza kukwama mahali pawili: kwenye kitambaa au kwenye hesabu. Moyo wa kusaidia huwapo tangu siku ya kwanza. Ufundi ndio unaotakiwa kujifunzwa.

Anzeni na kitambaa. Upande unaogusa ngozi uwe flaneli ya pamba, isiwe kitenge. Kitenge kipya hunyonya polepole na rangi yake huchuja. Kati wekeni tabaka mbili za taulo la pamba. Chini pakae kitambaa kisichopitisha maji, kile kinachouzwa kwa jina la PUL. Msiweke mfuko wa nailoni badala yake: hupasuka baada ya kufuliwa mara chache, huleta joto, na hutoa sauti msichana akitembea. Kwa sauti hiyo tu ataiacha nyumbani.

Flaneli na taulo zifuliwe na kukaushwa kabla ya kukatwa. Pamba husinyaa, PUL haisinyai. Mkiruka hatua hii, pedi itajikunja baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Ya mchana ikatwe ili ikimalizika iwe na urefu wa sentimita 24 hivi, ya usiku 30, na upana wa katikati, mbawa (vipande vya pembeni vinavyofungwa kwa kifungo chini ya chupi) zikiwa zimekunjwa, uwe 7. Ongezeni sentimita moja ya mshono pande zote.

Taulo lishonwe kwenye flaneli peke yake, kabla PUL haijaunganishwa. Hapa ndipo wageni wengi wa kazi hii hukosea: hupitisha mshono wa urembo katikati ya pedi nzima, na kila tundu la sindano likawa njia ya kuvuja. Tumieni sindano nyembamba, uzi wa polyester (wa pamba huvuta unyevu hadi nje), na mshono wa milimita 3. Mshono mfupi mno hutoboa PUL kama karatasi ya stempu. Pini ziwekwe ukingoni tu. Mkiunganisha flaneli na PUL, acheni mwanya wa sentimita 5 wa kugeuzia, geuzeni, kisha pigeni mshono kuzunguka ukingo.

Pimeni pedi moja katika kila fungu mnaloshona. Mimineni polepole vijiko viwili vya chai vya maji yenye rangi, subirini dakika moja, wekeni karatasi nyeupe chini na chupa mbili za lita moja zilizojaa maji juu. Karatasi ikilowa, fungu hilo lisitoke. Kisha ifueni mara kumi na kuipima tena. Ianikeni pia siku ya mawingu: isipokauka hadi kesho yake, ni nene mno, na msichana atalazimika kuivaa mbichi.

Sasa hesabu. Serikali ya Tanzania iliondoa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kwenye taulo za kike mwaka 2018, ikairudisha 2019 kwa kuwa bei madukani haikushuka. Unafuu haumfikii msichana wenyewe. Lazima mtu aupigie hesabu hadi mwisho. Tuseme pedi moja inawagharimu shilingi 2,500 pamoja na ujira wa mshonaji, mnaiuza 4,000, na pango na umeme vinakula 500. Zinabaki 1,000. Fungu la mwanafunzi mmoja lenye pedi sita ni 15,000, yaani linalipwa na pedi 15 zilizouzwa, na bado hamjanunua chupi. Ahadi ya "nunua moja, tunagawa moja" hapo inawatia hasara kila mnapouza. Ahidini mnachoweza kulipa. Ujira wa mshonaji usiguswe. Naye ni kijana anayetafuta riziki.

Mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya mapato ya ndani inayotengewa vijana, hauna riba lakini ni deni. Ununulie cherehani na vitambaa vya kuuza, usiugawe. Kuhusu ubora, ombeni SIDO, shirika la viwanda vidogo, barua ya utambulisho mwende nayo TBS, shirika la viwango, mapema, kabla hamjachapa lebo.

Kabla ya kwenda shuleni, muulizeni matroni mambo matatu: maji yapo, choo cha wasichana kina komeo, na kuna mahali pa kuanika? Pasipo na maji, anzeni na ndoo na tangi. Fungu la kila mwanafunzi liwe pia na chupi mbili, kwa kuwa pedi yenye mbawa haikai bila chupi nzuri, mfuko usiovuja, na kipande cha sabuni. Wafundisheni kuloweka kwenye maji baridi kwanza, maana maji ya moto hugandisha damu kwenye nyuzi, kisha kuanika juani bila kuficha chini ya kanga. Pedi za kugawa zitoke kwenye fungu lilelile la kuuza. Msipeleke zilizokataliwa na wateja.

Rudini baada ya miezi mitatu. Matroni akusanye maoni bila majina, nanyi mwombe pedi chache zilizoharibika mbadilishe kwa mpya. Zifumueni mezani: vifungo vilivyong'oka, PUL iliyobanduka kwa pasi, taulo lililojikusanya upande mmoja. Fungu linalofuata likatwe baada ya hapo.